Nilisafiri siku 9 kutafuta shairi, nikarudi na picha za machweo

BARUA

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, mzaliwa wa Magu. Naishi Kirumba, Mwanza, na mke wangu pamoja na mapacha wetu, Kulwa na Doto, ambao wako darasa la pili. Kazi yangu ni karani wa mizani pale mwaloni, ufukweni mizigo ya samaki inakoshushwa. Magunia ya dagaa yakiletwa napima, naandika kilo, jina la mwenye mzigo na kule mzigo unakoelekea, iwe Kongo, Burundi au Dar. Naingia saa kumi na mbili asubuhi na kalamu sikioni, natoka jioni na harufu ambayo hata sabuni ya mche haiiwezi.

Tangu sekondari napenda mashairi. Mtaani kwetu kukiwa na harusi au mahafali naitwa niandike beti mbili tatu, na watu hupiga makofi. Ila najijua, Mwalimu. Ninachoandika ni pongezi, pole na nasaha, basi. Ninachotamani ni mashairi ya uzuri wa dunia: safari, majira yanavyobadilika, vile vitu vidogo ambavyo mtu akivisoma anasema kumbe. Nikikaa mezani usiku, karatasi inabaki nyeupe. Maisha yangu ni dagaa na kilo, kilo na dagaa. Mtu atatunga nini hapo?

Rafiki yangu mmoja aliyesoma akaniambia mshairi asiyetembea ni kisima kilichofukiwa. Neno hilo likaniingia. Novemba iliyopita nikaomba likizo ya siku 9. Nikapanda meli ya usiku kwenda Bukoba, nikakaa huko siku tatu. Nikarudi kwa basi kupitia Geita, nikaunganisha Musoma. Kutoka Musoma nikashuka Bunda, nikavuka na kivuko cha Kisorya hadi Ukerewe, kisha nikarudi Mwanza na meli ya Nansio. Ziwa nimelizunguka kadiri ya uwezo wangu.

Sitaki kusema uongo, safari yenyewe ilikuwa ya tabu. Melini nilikosa kitanda, nikalala sakafuni kati ya magodoro na mabeseni ya wafanyabiashara. Mama mmoja akaligeuza begi langu mto wake hadi alfajiri. Bukoba ndiyo usiseme: taa kali za watega senene, kelele za mabati na mapipa, watoto wanapiga mayowe, sikupata usingizi siku mbili. Basi la kurudi nililala tangu Sengerema, hata Daraja la Kigongo hadi Busisi tumelivuka sina habari, nimestuka tuko Usagara. Lakini machweo sikuyakosa hata siku moja. Nina picha 212 kwenye simu.

Niliporudi nikatunga shairi, na ubeti wake wa kwanza ndio huu:

Ewe ziwa la ajabu, u pambo langu machoni,
Uzuri wako dhahabu, wametameta jioni,
Moyo wapata sababu, ya kuimba furahani,
Vuli yaja taratibu, majani yashuka chini.

Nililisoma Jumapili kwenye kikundi chetu cha washairi. Wakakaa kimya. Kisha mzee mmoja akasema, "Hili wapelekee wenye hoteli, watalibandika mapokezi." Watu wakacheka. Sijarudi tena.

Na nyumbani pana moto. Nauli, chakula na malazi vilifika shilingi 420,000, na hela hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa mgao wa kikoba wa mke wangu, aliniwekea kwenye simu nimtunzie mpaka atakaponunua dagaa wabichi wa kuanika. Nilidhani ningeirudisha kabla hajaiulizia. Aliiulizia nikiwa Musoma. Sasa kila nikishika kalamu anasema, "Haya, andika, mtaji ukiisha tutakula vina." Siku nyingine nahisi nimeoa adui wa sanaa.

La mwisho, bosi wangu juzi kanigombeza. Siku ile mvua ilipowakuta dagaa mchangani, niliandika pembeni mwa daftari la mizani: "Magunia 14 yamelala na mvua. Mama mmoja kakaa juu ya gunia tupu, anahesabu vidole, vimekwisha, bado anahesabu." Bosi akaniuliza, hiyo ni kilo ngapi? Sikuwa na jibu. Mke wangu naye siku hiyo dagaa zake za mkopo zililowa, akasema neno ambalo sitaliandika hapa.

Naomba ushauri wako. Nisafiri mbali zaidi, kwa mfano nikaione theluji ya Kilimanjaro? Niachane na vina niandike mashairi ya kisasa? Na mke wangu nimfanyeje?

Karani wa Mizani,
Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hela, maana ushairi utasubiri, mtaji hausubiri. Mama Kulwa hajakosea hata neno moja. Amekaa kwenye vikao mwaka mzima, amenunua hisa wiki baada ya wiki, pengine na faini za kuchelewa amelipa, wewe ukaigeuza jasho lake nauli. Halafu unashangaa hasifu machweo yako! Mtu anayekudai shilingi 420,000 hana jicho la machweo. Kaa naye, mwambie kwa kinywa chako kwamba ulichukua bila ruhusa, taja kiasi utakachorudisha kila mwisho wa mwezi, na uandike kwa mwandiko ule ule unaoandikia kilo za watu. Usimwahidi kwamba shairi litashinda zawadi. Na mbele yake usishike kalamu ya mashairi mpaka malipo ya kwanza yafike mkononi mwake. Ukilipuuza hili, haya mengine usijisumbue kuyasoma.

Sasa ubeti wako. Nimeuhesabu kwa vidole kama nilivyofundisha miaka 31: mizani, yaani silabi, nane kwa nane, mishororo yote minne, vina vya kati -bu, vya mwisho -ni, hakuna palipoyumba. Sikushangaa, ndiyo kazi inayokulisha. Hayo mashairi ya harusi unayoyadharau yamekunyoosha mkono, usiyaache. Lakini nimeusoma mara tatu nikitafuta kitu cha kushika, sikupata. Ziwa hilo ni lipi? Nikilifunika neno Mwanza chini ya barua, laweza kuwa Tanganyika, laweza kuwa Nyasa, laweza kuwa lambo la kunyweshea ng'ombe huko Shinyanga. Umesema ni la ajabu, ni pambo, ni dhahabu. Umesema moyo umepata sababu ya kuimba, na sababu yenyewe ukaificha. Yule mzee wa kikundi chenu ana ulimi mkali, ila sikio lake zima. Jumapili rudi.

Mshororo wa nne ndio ulioniuma. Vuli ya Mwanza majani yanashuka chini? Lini hiyo? Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ardhi iliyokuwa kigae tangu Juni inalegea, wenye mashamba huko kwenu Magu wanaingia na majembe, mikrismasi mjini inawaka maua mekundu mpaka lami chini yake inabadilika rangi. Hayo majani yako yanayopukutika ni ya Ulaya, ya majira ambayo baadhi ya wafasiri wetu wameyabandika jina la vuli kwa kukosa neno la karibu. Umesafiri siku 9 katikati ya vuli yenyewe, huenda na viatu vilikulowa, ukaja kuandika vuli ya watu wengine.

Isitoshe, watu wa ziwani tuna majira mengine ambayo mtu wa Dodoma hanayo, na hili wewe ndiye ungepaswa kunifundisha mimi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta juu. Mwezi ukipevuka, ziwa zima lina mwanga, taa haina kazi. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, mama lishe anapika nusu sufuria, vijana wanalala mchana na usiku. Kisha mbalamwezi inapungua, giza linarudi, na watu wanarudi majini. Enzi zangu zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola, lakini ukitazama kutoka mlimani saa nne usiku unauona ule ule mji juu ya maji, ambao asubuhi ukiamka haupo. Kwa hiyo ndani ya masika na vuli na kiangazi, kuna giza na mbalamwezi vinavyopokezana mara kumi na mbili na zaidi kwa mwaka. Daftari lako la mizani linayaonyesha bila wewe kutaka. Kuna wiki kurasa zinajaa mpaka pembezoni, na kuna wiki ukurasa mmoja unakaa siku nne. Hayo ndiyo majira yanayobadilika uliyoyafuata Bukoba kwa meli.

Wewe ni wa Magu, kwa hiyo Bujora pale Kisesa unapajua, na Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, umeiona au umesimuliwa. Mavuno yakishapita, mwezi Juni, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanasimama uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Hakuna jaji mwingine, miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Fikiria sasa ningi, mtunzi wa nyimbo, anasimama mbele ya umati huo na kuimba kwamba nchi yetu ni nzuri ya ajabu. Kabla hajamaliza anaimbia migongo. Watu wamekwenda upande wa pili, ambako mwenzake anaimba juu ya jirani aliyenunua pikipiki msimu wa pamba ikamshinda mafuta. Ningi mzuri msimu wa kilimo yuko shambani na jembe, lakini masikio hayalimi. Anaokota. Kiangazi ndipo anapotoa alichookota.

Turudi kwenye safari. Safari haina kosa. Faida yake ni kwamba inakufanya mgeni, na mgeni huona. Mwenyeji wa Bukoba haoni tena taa za senene, wewe ulikuwa na macho mapya ya kuziona, ukavuta shuka usoni! Novemba, msimu wenyewe, watu wamewasha taa usiku kucha wakiita kitoweo kutoka angani, mabati yamesimamishwa wima, senene wanateleza kuingia mapipani, na mshairi yuko chumbani anahesabu machweo aliyopiga picha jioni. Na yule mama wa melini, alikuwa anakwenda kuuza nini? Mabeseni yale yalikuwa yake? Umelala naye begi moja usiku mzima hukumuuliza hata jina la kijiji chake.

Lililonisikitisha zaidi lakini ni daraja. Nakusimulia kidogo, univumilie.

Kabla ya Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, kutoka Kigongo kwenda Busisi ilikuwa kivuko. Unafika, unakuta foleni ya malori, mabasi, magari madogo. Abiria tunashuka, gari linaingia peke yake, sisi kwa miguu. Hapo kando kulikuwa na mji mzima unaoishi kwa subira ya wengine: mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, sato wa kukaanga, mahindi, karanga, maji, vijana wanaokimbilia madirishani na mabeseni kichwani. Nimewahi kukaa pale tangu adhuhuri hadi jua linazama. Nimekaa pia nikiwa ndani ya gari lenye mgonjwa, dada yangu, anayepelekwa Bugando, na siku hiyo wauza mayai niliwachukia kwa jinsi walivyokuwa wachangamfu. Alifika salama, ashukuriwe Mungu. Sasa kuna daraja la kilometa 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza, unapita kwa dakika chache, na kila nikipita namkumbuka dada yangu na kushukuru. Kisha namkumbuka yule mama wa mayai. Nilimfahamu kwa sura tu, alikuwa na kovu kwenye kidole cha shahada na alimenya yai bila kuliangalia. Subira yetu ilikuwa riziki yake. Yuko wapi leo?

Hapo pana shairi ambalo mimi sijalimaliza, na wewe ulikuwa juu yake umelala. Ila sikulaumu sana, maana hata usingizi wako una jambo. Zamani hapakuwa na mtu aliyevuka Busisi usingizini, kivuko kilimwamsha kila mtu. Wewe umevuka ghuba nzima na hujui. Andika hilo, kama lilivyo.

Kilimanjaro? Mwaka 1994 nilikwenda Moshi kwenye semina ya siku tatu. Nilirudi na shairi la beti 12 juu ya kilele cheupe, nikalisoma mbele ya walimu wenzangu, wakanipigia makofi. Mlima wenyewe sikuuona. Ulijifunika mawingu siku zote tatu. Nimekuambia wewe tu, na hao wanaosoma safu hii.

Nami niliwahi kufundisha Ukerewe, miaka ya themanini. Niliwapa kidato cha pili kazi ya kuandika aya moja juu ya ziwa. Watoto 38 wamezaliwa ufukweni, wote wakaniandikia ziwa ni kubwa, ni zuri, lina maji ya buluu. Mmoja tu, mtoto wa mvuvi, mtoro hodari, aliandika kwamba ziwa hunuka alfajiri kabla ya jua, na likishapata jua harufu hukimbia, na ndivyo baba yake anavyojua saa akiwa ndani ya ukungu. Nikamsahihisha "hunuka" nikaandika "hunukia". Nimejuta mpaka leo. Lilikuwa neno lake sahihi, mimi nikalipaka manukato.

Ukerewe ulipita, kwa hiyo nikujibu la vina hapo hapo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa kijiji cha Namagondo, kisiwani humo, mwaka 1944. Mwaka 1974 alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya jadi, na wenye jadi wakaja juu kwamba hayo si mashairi. Mabishano hayo hayajaisha na sitayamaliza mimi. Ninachokuambia ni kwamba ubeti wako haukuharibiwa na vina. Ukiuvua vina vyote utabaki "ziwa la ajabu" lililokatwa vipande. Andika kwanza kitu chenyewe, kitakuambia kinataka nguo gani. Kisiwa hicho hicho kilimzaa Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 masimulizi yake marefu kwa Kikerewe juu ya mke na mume wa kawaida, namna watu walivyolima, walivyovua, walivyopokea wageni, walivyouguza. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki 1981. Hakwenda mbali kutafuta la kuandika.

Na kama unaona haya kuwa karani, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Mizigo ya watu, stakabadhi za watu, miaka 18.

Sasa yale maneno ya pembeni mwa daftari. Nimeyasoma kwa sauti jikoni, mjukuu wangu akaacha kutafuna. "Anahesabu vidole, vimekwisha, bado anahesabu." Hapo hujaniambia yule mama ana huzuni, hujasema maisha ni magumu, hujamwita maskini. Hata mvua hujaisifu wala kuilaani. Gunia tupu lipo, vidole vipo, nami najua mkopo wake ni mkubwa kuliko mikono yake. Neno "yamelala" nalo umelitoa kwenye kinywa cha mwalo, ndivyo wafanyabiashara wasemavyo mzigo ukikwama, na kwako limelala kweli, kwenye maji. Na bosi wako, bila kujua, amekupa mshororo: hiyo ni kilo ngapi? Ningekuwa wewe ningeanzia hapo. Lakini bosi ana haki yake, daftari la mizani ni la mizani, wafanyabiashara wanagombana kwa sababu ya kilo moja. Nunua la kwako, lile dogo linaloingia mfuko wa shati.

Ukishalinunua, fanya hivi kuanzia giza moja mpaka giza linalofuata. Kila siku mstari mmoja, si zaidi, juu ya kitu kimoja ulichokiona mwaloni au njiani kurudi nyumbani. Maneno zuri, ajabu, tamu, dhahabu na moyo nimeyafungia stoo, ufunguo ninao mimi. Usiandike "samaki" kama ni furu, usiandike "chombo" kama kina jina. Usipojua jina, uliza. Waulize wavuvi wanaitaje upepo unaowasukuma majini usiku na ule unaowarudisha, waulize wachukuzi kile kitambaa cha begani wanakiitaje. Watu hupenda kuulizwa juu ya kazi yao, na watakupa maneno ambayo kamusi hazijayafikia. Machweo marufuku mwezi mzima. Zile picha 212 wape Kulwa na Doto wachague tatu, nyingine ufute, simu ipumue.

Tena chagua kitu kimoja kisichohama, ukirudie. Nisingekuambia Jiwe la Bismarck pale ziwani mjini, hilo limepigwa picha hadi limechoka. Mimi nina jiwe nyuma ya nyumba yangu, halina jina, kubwa kama Hiace mbili zikipandana. Hapana, kubwa zaidi. Kiangazi majirani wanaanika juu yake michembe na nguo za shule. Masika linaota utelezi wa kijani, mwaka fulani fundi bomba aliteleza tukacheka kabla hatujajua kwamba ameumia. Ninachokipenda ni usiku. Jua linazama, upepo unageuka, kila kitu kinapoa isipokuwa jiwe. Saa tatu usiku ukiliegemea bado lina joto la mchana, kama jiko lililozimwa ambalo mtu amesahau kuondoa sufuria. Paka wanajua. Walevi wanajua. Nimelitungia mara nne nikashindwa, na ya tano nimeianza wiki iliyopita kwa sababu nimegundua kwamba joto hilo huisha mapema zaidi siku ambazo kumekuwa na mawingu asubuhi. Miaka 19 naishi hapo, ndiyo kwanza nimeliona.

Ukitaka kusafiri tena, safiri kwa hela yako, na umwombe Mama Kulwa muende pamoja hata kama ni Kamanga, hapo ng'ambo ya ghuba, na kurudi. Yeye ananunua dagaa, anaanika, anajua mchanga upi unashika maji na mawingu yapi ya upande wa ziwa ni ya kutisha watu tu. Wewe unafika wakati mzigo umeshakuwa gunia na namba.

Msalimie sana. Na ukishamrudishia hata kidogo, mkiwa mmekaa vizuri, mwombe ruhusa ya kuniandikia lile neno alilosema siku dagaa zake zilipolowa. Lilete kama lilivyotoka, bila kuligeuza hunukia.

Mwalimu wako